Dogo kaipenda riwaya ya mizuka ya Kiingereza ila msamiati haubaki kichwani, msaada wadau

DadaWaUyole

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu hasa walimu na wazazi. Nina mdogo wangu wa kiume kamaliza la saba mwaka huu, yupo nyumbani hapa Uyole anasubiri kwenda fomu wani Januari. Tuisheni ya maandalizi anaenda asubuhi ila kwa kweli naona wanakaririshwa tu, zile "this is a pen" za miaka yote, anarudi mchana anatupa daftari kitandani anaenda mpirani. Sasa mjomba yupo Dar alitutumia boksi la vitabu vya mtumba, vingi ni vya picha vya watoto wadogo kabisa, afu kimoja ni riwaya nene hivi ya kutisha, nyuma wameandika ni ya miaka kumi mpaka kumi na tatu. Inahusu binti na mdogo wake wanaoshuka kwenye kisima kikavu usiku kutafuta kivuli cha baba yao kilichoibiwa, na huko chini kuna mji mzima wa watu wasio na vivuli, kuna popo anaongea, kuna bibi mshona nguo anayeshona kwa nywele za maiti, yaani mambo ya ajabu ajabu.

Dogo kaipenda sio kawaida. Sura ya kwanza nilimsomea mimi umeme ulipokatika, natafsiri hapo hapo kwa tochi ya simu, tokea hapo hataki kuiachia. Tatizo kila mstari una maneno mawili matatu hayajui. Akaanza kuandika kila neno kwenye kaunta buku, neno na maana, neno na maana, kurasa mbili za riwaya zinajaza kurasa nne za daftari, ukimuuliza kesho yake hakumbuki hata robo. Na hadithi yenyewe inapoa maana anasimama kila hatua, juzi kanambia dada kitabu kizuri ila kinachosha.

Sasa aendelee nayo au nimtafutie rahisi zaidi? Maneno yapi aandike yapi ayaache? Na hivi haya maneno ya makaburi na mizuka yatamsaidia kweli huko sekondari au namhadaa mtoto wa watu? Mama yeye msimamo wake ni arudi kwenye grama basi.

Mbalizi_Orijino

Dada usijichoshe, mtihani wa fomu tuu hauna mzuka hata mmoja 😂 mwache akariri photosynthesis na latitude mapema. Mimi nimesoma hadithi za kutisha za kila aina na bado mpaka leo nikiona mzungu anakuja upande wangu najifanya napokea simu.

Ticha_Tukuyu

Dada wa Uyole nakusalimu. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari huku Rungwe na watoto wa aina ya huyo mdogo wako nawapokea kila Januari, kwa hiyo naongea ninachokiona. Kaka wa Mbalizi umenichekesha, hapo kwenye mtihani nitakurudia.

Anza kwa kukipima kitabu. Fungua ukurasa wa katikati, sio wa mwanzo, dogo asome peke yake na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ukurasa haujaisha basi kwa kusoma peke yake kitabu bado kizito. Hii sio imani za walimu tu, Paul Nation, yule mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, yeye na mwenzake Marcella Hu walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe hadithi vizuri bila msaada anatakiwa awe anayajua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Yaani kwenye maneno 100 asiyoyajua yasizidi mawili. Ukurasa wa kitabu cha watoto ukiwa na maneno 250 hivi, piga hesabu, yanakuja matano, ndo vidole vyenyewe hivo. Sasa wa kwako ana mawili matatu kila mstari, na mstari una maneno kama kumi, yuko asilimia sabini na kitu. Peke yake hakiwezi. Lakini nimesema peke yake, na nyie mko wawili.

Kwa hiyo msomee wewe. Soma kwa sauti, taratibu, yeye anafuatilia kwa macho kwenye kitabu hicho hicho, ukifika pagumu unamwambia kwa Kiswahili kwa neno moja tu halafu unasonga, usihutubie. Sura ikiisha, kesho yake airudie mwenyewe. Hapo hadithi anaijua tayari, anachofanya ni kukutanisha macho na maneno. Kusoma na kamusi mkononi ni sawa na daladala inayosimama kila mti, mwisho abiria anashuka anaenda kwa mguu, na ndicho dogo anachokwambia.

Kuhusu yapi aandike. Yaliyojitokeza mara ya tatu, basi. Mwandishi wa riwaya ana maneno yake anayoyapenda, kama kuna taa ya mkono kwenye sura ya kwanza hiyo "lantern" utaikuta mpaka mwisho, kama kuna mnong'ono basi "whisper" itakuwa kila ukurasa. Neno la hivo lenyewe linajileta, mtoto akilikuta mara ya tatu anajua kabisa hili nishaliona, hapo ndo aliandike na aliandike na sentensi yake, sio neno na maana pekee. Lile lililotokea mara moja likapotea mwache lipotee. Ndo maana pia sura za mwanzo huwa ngumu kuliko za katikati, avumilie kidogo.

Riwaya za kutisha zina uzuri mwingine, vitenzi vyake vinaonekana. Mtu hatembei tu, ananyata, anatambaa, anapepesuka, anaburuta miguu. Mimi darasani hapo sitafsiri, natembea. Naandika ubaoni "creep", nanyata kutoka mlangoni mpaka dawati la nyuma. Naandika "stagger", nayumba mpaka nagonga kabati. "Shuffle", navaa malapa naburuta miguu sakafuni shwaa shwaa. Afu namtoa mmoja mbele atembee, wenzake waseme ni lipi. Wanacheka sana ila wiki inayofuata hakuna aliyesahau, wamemwona ticha na tai yake akitambaa chini ya meza watasahauje.

Sasa Mbalizi. Chukua ukurasa wa riwaya hiyo hiyo, toa pembeni maneno ya mizuka, utakuta ni machache sana. Yaliyobaki ni nini? "Beneath", "towards", "through", "although", "unless", "until". Haya ndo yanayowaangusha watoto wangu kwenye Baiolojia na Jiografia, sio photosynthesis. Photosynthesis mwalimu wake ataieleza wiki nzima na mchoro juu, lakini hakuna mwalimu atakayesimama kueleza "although". Mtoto anasoma swali, "Plants will die unless they get light, explain", mimea anaijua, mwanga anaujua, "unless" inamtupa nje ya swali zima. Na kwenye riwaya atakutana na "unless" popo akiwatishia wale watoto kwamba hawatoki huko chini mpaka wafanye kadha wa kadha, hapo hasahau.

Ila usitegemee riwaya imfundishe maneno ya sayansi, hayo hayamo humo, daftari la tuisheni lisitupwe.

Mtumishi_Nzovwe

Amani kwenu. Mimi sio mwalimu ila niwe mkweli, nywele za maiti na vivuli vinavyoibiwa, usiku, ndani ya nyumba, na mtoto wa la saba? Huku kwetu mambo haya watu hawayachukulii kama mchezo. Kiingereza kinapatikana kwenye vitabu vingine jamani. Kwangu hapana.

Mufindi_MajaniyaChai

Mtumishi nimekuelewa na sikupingi kwa nyumba yako, ila zimwi, fisi mla watu na yule binti aliyeolewa na joka tulisimuliwa na bibi zetu hao hao wanaoenda kanisani alfajiri, na tukakua. Nadhani cha kuangalia ni mtoto mwenyewe. Binti yangu hadithi za hivo anapenda ila tukisoma saa tatu usiku halali, anataka taa iwake mpaka asubuhi, kwa hiyo tunasoma mchana, na hatuachi mahali pa kutisha, tunaacha wameshatoka pangoni. Na ukiona mtoto anakuwa kimya kimya au anaogopa kwenda chooni, funga kitabu, hakuna msamiati wa maana kuliko usingizi.

Dada mimi nachangia jingine kabisa. Watoto wa huku nyanda za juu kwenye hizi riwaya wana bahati ambayo hawaijui. Hivi vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa hiyo kila kitu ni ukungu, manyunyu, kuta zenye unyevu, msitu mweusi, pumzi inayotoka mdomoni na mvuke. Mtoto wa Dar hayo anayawazia tu. Wa kwetu anafungua dirisha! Mimi nilimtoa wangu nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mipaina ya ng'ambo haionekani, nikamwambia hii ndo "mist", na haya yanayokulowesha nywele bila mvua kunyesha ndo "drizzle", ukuta wa jikoni ule ushike, huo ndo "damp". Akatetemeka, nikamwambia na hiyo ndo "shiver" yenyewe. Ukifika mwezi wa sita na wa saba kama una ndugu Makete au upande wa Kitulo mpeleke aone sakitu imelala kwenye majani ya viazi, "frost" hana haja ya kuiandika popote. Msitu wa Sao Hill ukipita jioni kwenye basi nao umejaa riwaya za kutisha, mistari na mistari ya miti mpaka giza linaanzia ndani kabla ya huku nje.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi, neno likiwa la hali ya hewa au la mahali, usifungue kamusi, msubiri asubuhi.

DadaWaUyole

Asanteni sana, Mwalimu ndaga fijo, ule mtihani wa vidole tumeufanya jana, vidole viliisha kwenye mstari wa pili 😅 kwa hiyo nasoma mimi.

Mufindi hilo la kuacha mahali salama nimelichukua, na Mtumishi nimekusikia pia, mama kauliza hilo hilo.

Swali la nyongeza. Nikiwa kazini dogo anatumia simu kutafsiri na inamletea vituko. Kuna sehemu imeandikwa "The boy bolted", simu ikamwambia mvulana alifunga komeo. Akanieleza hadithi nzima kwamba mvulana kajifungia ndani, kumbe ukurasa unaofuata yuko porini. Nikashindwa hata kumsaidia maana sura ya nyuma yake "bolt" kweli ilikuwa komeo la mlango. Hapo mnafanyaje?

Sokomatola_Mwanachuo

Hahaha hiyo "bolt" imetutesa wengi. Ni kweli ni komeo, ni kweli ni kufunga komeo, na ni kweli pia ni kutimua mbio ghafla kwa woga. Simu ukiipa neno moja inakupa maana inayoona ni ya kawaida, haijui kwamba nyuma kulikuwa na kitu kinakuja. Mpe sentensi mbili tatu nzima angalau, itajitahidi. Ila bora zaidi aanze na yeye mwenyewe kukisia. Muulize, kabla ya hapo nini kilitokea? Kitu kimenguruma. Wewe ungefanya nini? Ningekimbia. Haya baada ya hapo yuko wapi? Porini. Basi "bolted" inaweza kuwa nini? Atasema mwenyewe. Kamusi inakuja mwisho kuhakikisha, sio mwanzo.

Na kamusi ya kitabu bado ina kazi. Ile ya TUKI (iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar) ya Kiingereza kwenda Kiswahili, ya kwanza ilitoka 1996, ina faida kwamba maana zote zimepangwa chini ya neno moja, anaona kabisa "grave" ni kaburi na papo hapo inaweza kuwa sifa ya jambo zito. Kwenye simu haoni, anapewa moja anaondoka nayo. Mfundishe tu kuangalia kama neno kwenye sentensi limekaa kama nomino au kitenzi, nusu ya vituko vinaisha hapo. Kama hamna nyumbani jaribuni maktaba ya mkoa.

Lile la kusahau sasa. Kaunta buku haifai kwa sababu maneno yote yanalingana humo, anayoyajua na asiyoyajua, akirudia anarudia yote tangu juu, akichoka ameishia yale ya juu anayoyajua tayari. Tumia kadi. Kata manila vipande, upande mmoja sentensi kutoka kwenye kitabu na pengo mahali pa neno, upande wa pili neno lenyewe, akitaka achore. Afu tafuta boksi la viatu uligawe vyumba vitatu au vinne kwa makaratasi magumu. Kadi mpya zote chumba cha kwanza, hicho anakipitia kila siku. Akipatia, kadi inahamia cha pili, hicho siku moja moja. Akipatia tena inaenda cha tatu, hicho mara moja kwa wiki. Akikosea popote pale inarudi cha kwanza bila huruma. Aliyeupa utaratibu huu umaarufu ni Sebastian Leitner kwenye kitabu chake cha 1972, na apu nyingi za kadi za siku hizi wazo lao ni hilo hilo, ila boksi halili bando wala halileti notifikesheni za mpira.

Kadi chache tu kwa siku lakini. Akijaza boksi atalichukia kama kaunta buku.

Gangilonga_Juu

Mmesema yote kuhusu kusoma ila hakuna aliyegusa kuandika na mimi naona huko ndo maneno yanaganda.

Huku Iringa tuna lile jiwe juu ya mji, Gangilonga, jina lenyewe Kihehe ni jiwe linaloongea, na wenyeji wanasimulia kwamba Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, alikuwa anapanda pale kutafakari. Niliwapa watoto wa mtaani kwetu kazi, jumapili tupande pale, kila mmoja aandike mistari mitano ya Kiingereza, jiwe linakwambia nini usiku. Masharti lazima utumie maneno matatu ya kwenye kitabu mnachosoma. Nilipata vitu sijawahi kuvipata kwenye insha ya "My School". Kuna mmoja aliandika "The stone whisper my name but my name is not finish". Grama hamna hapo ila mimi nilisisimka! Sikumtia wino mwekundu, nilimwambia soma kwa sauti, akasoma, nikarudia na mimi kwa usahihi wake, "whispered", "was not finished", akarekebisha mwenyewe.

Nyie Mbeya mna Ziwa Ngosi jamani, ziwa lipo ndani ya kreta juu milimani, unapanda msituni ukifika juu saa nyingine hulioni mpaka ukungu ufunguke, na masimulizi ya joka la humo kila mtu anayo ya kwake. Dogo aandike hilo. Hata kama hajawahi kufika amuulize mzee yeyote wa mtaani amsimulie, afu ayageuze kuwa Kiingereza chake. Atatafuta maneno mwenyewe, "deep", "steep", "still", "beneath", na neno ulilolitafuta kwa shida yako halitoki.

Mbalizi_Orijino

Ticha nimekubali kwenye "unless", hiyo imenigusa binafsi 😂😂 lakini bado mama mtu kasema grama, na mama huwa hashindwi. Hilo mnalijibuje?

DadaWaUyole

Eti jamani, hapo ndo pagumu kweli. Boksi nishapata na manila ninanunua kesho Mwanjelwa. Habari ya Ngosi nayo, dogo ameshaanza kumsumbua babu jirani yetu hapa amsimulie. Ila mama anataka aone grama kwenye daftari kwa macho yake.

Ticha_Tukuyu

Mama yako yuko sahihi zaidi ya mnavyodhani dada, mpe grama, lakini ichimbue humo humo kwenye riwaya. Hadithi karibu yote iko wakati uliopita, na vitenzi vya woga vingi vinabadilika umbo vibaya. "Creep" inakuwa "crept", "flee" inakuwa "fled", "shake" inakuwa "shook", "freeze" inakuwa "froze", "sink" inakuwa "sank". Dogo akitafuta "fled" kwenye kamusi anaweza asipate maana yake hapo, na kama ipo wataandika tu nenda "flee", akidhani kamusi mbovu. Kwa hiyo chora jedwali kwenye ile kaunta buku iliyoachwa, upande mmoja umbo alilolikuta kwenye ukurasa, upande wa pili umbo la kwenye kamusi, na namba ya ukurasa. Kila sura anaongeza. Mama akifungua anaona jedwali la vitenzi limepigwa rula, ameridhika, na mtoto hajui kama anafanya grama.

Akifika kwenye mazungumzo ya wahusika mwonyeshe zile alama za kufungua na kufunga usemi zinavyokaa, maana kwenye insha za fomu wani hapo karibu wote wanakosea. Lakini hilo liwe baadaye, sura ya sita saba huko akishazoea. Mimi wiki hii niko zamu shuleni, nikipata nafasi jumamosi nitaandika hapa vitenzi vingine ninavyotumia darasani, kama dogo ameshakutana na baadhi yake mniambie nisivirudie.